Chini ya Viatu vya Kamanda

Metodi Yurukov alikuwa amekufa, na mjini Vidrovo ni watu wanne tu waliolijua hilo. Wawili walikuwa wamesimama kando ya kitanda chake. Wa tatu alikuwa mkuu wa polisi. Wa nne ndiye aliyemuua.

Dakta Irina Mutafova alishusha shuka hadi kifuani mwa maiti. Macho ya daktari yalikuwa mekundu kwa kukesha zamu, na hasira yake hakujisumbua kuificha.

"Kichwa alipasuliwa alfajiri pale uwanjani, nadhani kwa nyundo," alisema. "Lakini hicho sicho kilichomuua. Nilimshona mwenyewe. Asubuhi alikuwa anapumua bila mashine. Nikamwambia anibane kidole, akanibana. Sasa hebu tazama macho."

Inspekta Zornitsa Halacheva aliinua kope la kushoto kwa kidole chenye glavu. Weupe wa jicho ulijaa vidoa vidogo vya damu. Akafunua mdomo wa chini. Kwa ndani ulikuwa umechanika pale ulipokandamizwa kwenye meno.

"Mto," alisema.

"Mto. Mtu kaulalia kwa uzito wake wote. Na Metodi hakukubali kwenda kimyakimya, angalia kucha. Hiyo ngozi si yake."

"Nani ameingia humu tangu umshone?"

"Wageni watatu, wale wa Kamati ya Kamanda, watetezi wa sanamu. Walikuja pamoja na mtindi na machungwa, kana kwamba mtu aliyepasuka fuvu anakula machungwa. Mwalimu Stefka, Genko mwenye baa, na Kanali Shivarov. Nikawaambia waingie mmoja mmoja, wasikae. Mara nikaitwa wodi ya pili, nikaenda na nesi. Niliporudi walikuwa wameshaondoka, na huyu midomo imeshakuwa ya bluu."

"Wa mwisho kuingia alikuwa nani?"

"Sikuona."

Jibu hilo Zornitsa hakulipenda. Akienda kuwauliza wote watatu, wawili watasema kweli na mmoja atadanganya, na wote watajua kwamba Metodi amekufa na polisi wanaficha. Mji ulikuwa umeshaloa petroli tangu alfajiri, na yeye hakutaka kuwa kiberiti.

Alipiga magoti, akamulika chini ya kitanda. Karibu na gurudumu kulikuwa na beji ya bati yenye mchoro wa kitanzi. Kila mtu Vidrovo aliijua. Vijana wa Kamba walifika uwanjani kila Jumamosi na kamba yao nene, wakiapa kwamba iko siku wataivuta sanamu ya Kamanda Ognyan mpaka ianguke kifudifudi.

"Kumbe ni wao!" daktari alisema. "Washenzi wakubwa."

"Subiri. Angalia pini." Zornitsa aliigeuza beji kwenye mwanga. "Imefungwa. Beji ikinyofolewa kwenye nguo wakati watu wanakabana, pini inafunguka, au inapinda, au inaondoka na uzi. Hii imefungwa vizuri na haina hata uzi mmoja. Mtu kaitoa mfukoni akaiweka hapa ili mimi niione."

"Na wewe umeiona."

"Nimeiona."

Daktari akafungua droo. "Basi ona na hiki. Kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake."

Ilikuwa leso ya mwanamume, imefungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na vumbi la saruji, vifupa viwili vya rangi ya kahawia, na kipande cha waya ulioliwa na kutu. Waya ule ulikuwa umepinda duara kuzunguka kifupa kimoja.

"Vifundo vya mkono," daktari alisema. "Vya binadamu. Vya zamani sana, vya wakati wa kina babu. Huyu mtu alikuwa amefungwa mikono."

Zornitsa aliifunga tena leso. Wiki iliyopita alimwona Metodi uwanjani na mafundi wa mashine ya kutoboa miamba. Metodi alikuwa mkuu wa jumba la makumbusho, na maisha yake yote aliitetea ile sanamu kuliko mtu yeyote. Alitaka kuwathibitishia madiwani kwamba nguzo ya Kamanda imekaa juu ya mwamba, kwamba huwezi kuing'oa bila kubomoa uwanja mzima. Wakatoboa kwa nyuma, wakafika chini. Kumbe chini hapakuwa na mwamba.

Jiwe lile la nguzo limebeba wengi. Kwanza lilimbeba mfalme juu ya farasi. Mfalme akashushwa usiku mmoja, farasi akayeyushwa, na mwaka uliofuata akapandishwa Kamanda Ognyan wa shaba na mabuti yake makubwa. Uwanja wenyewe umebadilishwa jina mara nyingi mno hata watu wa posta wameacha kufuatilia. Mashuleni tulifundishwa kwamba Kamanda alishuka kutoka mlimani na watu wake, akaukomboa mji bila kumwaga damu. Wale waliotoweka wiki ile walikimbilia ng'ambo ya Danube, ndivyo tulivyoambiwa, wasaliti wakubwa wale. Mmoja wao alikuwa mwokaji mikate wa Mtaa wa Chini, babu yake mama yake Zornitsa. Kosa lake lilikuwa kuwauzia askari wa mfalme mikate. Familia haikuwa na kaburi la kupelekea ngano ya kuchemsha kama wenzao, kwa hiyo kila Jumamosi ya Wafu bibi yake Zornitsa alifungua mlango na kumwaga divai kizingitini. Alifanya hivyo mpaka alipozikwa mwenyewe.

Daktari alitoa kabatini chupa ndogo ya rakia, pombe kali ya matunda, na vikombe viwili vya dawa. Akamimina. Kabla ya kunywa, kila mmoja aliinamisha kikombe chake kidogo, na matone yakaanguka sakafuni. Hawakugonganisha. Kugonganisha ni kwa walio hai.

"Mungu amsamehe," daktari alisema, akameza, kisha akatazama chini. "Ona sasa! Mimi ndiye ninayewafokea manesi wasidondoshe hata maji humu ndani."

"Hukufikiri."

"Nani anafikiri? Mkono unaenda wenyewe."

Zornitsa aliendelea kuyatazama matone yale sakafuni. Kisha akavua glavu na kuomba funguo za mlango wa nyuma wa hospitali.

*

Kituo cha polisi kilikuwa kimezingirwa. Watu wa Kamati, wazee kwa vijana, walikuwa wanarusha mawe kwenye madirisha ya ghorofa ya chini na kuimba wimbo wa Kamanda kati ya jiwe na jiwe. Zornitsa alipita kwa kuinama. Jiwe moja lilimpata begani, akatukana kimoyomoyo, akaingia.

Ndani ya mahabusu, Sajini Plamen alikuwa anajifuta vidole kwa kitambaa. Mbele yake, kwenye kiti, Yavor Kalpakov alikuwa ameinamisha kichwa na damu inamtiririka puani mpaka kwenye fulana. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na kiongozi wa Vijana wa Kamba, na jicho lake moja lilikuwa limefunga kabisa.

"Anakaribia kukiri, afande," Plamen alisema.

Zornitsa alimshika ukosi, akamsukuma hadi ukutani, na kiwiko chake akakitia kooni mwa sajini.

"Ukimgusa tena nitavivunja hivyo vidole kimoja kimoja, na mkeo atakuwa anakulisha supu. Toka."

Plamen alitoka. Zornitsa akavuta kiti.

"Umenipiga teke wakati wa kunikamata," Yavor alisema kwa taabu. "Sasa umekuwa mama yangu?"

"Ulikuwa unakimbia na mikono yenye damu. Ningekupigia makofi? Niambie ya alfajiri, na usiniletee siasa."

"Nilienda kuyapaka rangi mabuti ya yule mzee. Rangi nyekundu, kopo hili hapa mnalo. Nikamkuta Metodi amelala nyuma ya nguzo, kichwa kimefunguka. Nikamfunga kwa skafu yangu. Nikapiga simu ya ambulensi. Mimi! Kwa simu yangu!"

"Kwa nini hukukaa?"

"Na kopo la rangi mkononi, kando ya mzee ambaye nimemwita mwongo mbele ya mji mzima? Wewe ungekaa?"

"Alisema kitu?"

Yavor alifuta damu kwa bega. "Alinishika mkono. Akasema, 'Wako chini. Leo nitawaambia watu wote, na wewe utanisamehe.' Mimi nilidhani ubongo umeshachanganyikiwa. Hajawahi kuniomba hata njia yule." Kisha akauliza, "Anaendeleaje?"

Zornitsa aliliangalia lile jicho lililobaki wazi. Aliyeshika nyundo asingeuliza vile, au angeuliza vizuri zaidi.

"Yuko hospitali," alijibu.

Juu, ofisini kwa mkuu wa polisi, kioo kilikuwa kimeshavunjika na pazia linapepea. Mkuu Gavazov alikuwa ameketi mbali na dirisha, kipaza sauti kimewekwa tayari juu ya meza.

"Saa sita nawatangazia kwamba Metodi amefariki na muuaji anapelekwa mkoani," alisema. "Gari itakuwa mlango wa mbele."

"Bosi, Metodi aliuawa kwa mto, asubuhi, wakati Yavor yuko mahabusu yako. Hukumsikia daktari?"

"Nimesikia kwamba kijana alimpasua kichwa. Mengine tutayamaliza taratibu, watu wakishatulia."

"Watamuua kabla hajafika kwenye gari."

"Watapiga kelele, watachoka, wataenda kula."

"Ni mmoja wa wale watatu wa Kamati."

Gavazov alisimama. "Halacheva! Kanali Shivarov ndiye aliyenitafutia kiti hiki, na ukimgusa yeye au wenzake, nje hapatabaki hata tofali juu ya tofali. Huna shahidi wala alama ya kidole. Una nini?"

"Nina mpaka saa sita."

"Unao. Halafu unanirudishia kitambulisho."

*

Baa ya Genko inatazamana na Kamanda. Kutoka meza ya dirishani unaona mabuti ya shaba, shimo la mashine lililofunikwa ubao, na doa la damu ambalo hakuna aliyethubutu kulisafisha. Upande wa pili wa uwanja, Vijana wa Kamba walikuwa wanakusanyika na kamba yao. Walikuwa wachache. Waliokuwa wengi ni watu wa Kamati, na hao walikuwa kituoni.

Wanakamati watatu walikuwa mezani na mabakuli ya supu ya utumbo, harufu ya vitunguu saumu na siki imejaa chumba. Mwalimu Stefka, mwanamke mdogo wa mwili mwenye sauti ya kuongoza kwaya, hakuwa anakula. Genko alikuwa anamkatia mkate na kumbembeleza. Kanali mstaafu Dobri Shivarov alikula kama mtu aliyefanya kazi ya shamba. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, mrefu, mnyoofu, na vifungo vya mikono ya shati amevifunga mpaka kwenye viganja.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Zornitsa. "Umekuja kula au kutukamata?"

"Nimekuja kunywa, Kanali. Siku yenyewe hii inahitaji kitu. Mzee Genko, tuwekee rakia wote, na ujaze mpaka juu."

Genko alijaza glasi nne mpaka mdomoni. Zornitsa alizitazama zikisogezwa. Mkono wa Stefka ulitetemeka, akalowesha kitambaa cha meza. Wa Genko ulikuwa sawasawa. Wa Kanali ulitulia kabisa, na hata tone halikumwagika. Hakuna aliyeonja bado, maana kwetu hapanywewi kabla ya neno kusemwa.

"Metodi anaendeleaje?" Stefka aliuliza.

"Yupo palepale."

"Alikuwa amelala nilipoingia. Nikamshika mguu, wa moto. Nikasema atapona huyu."

"Mimi nilimwambia aamke tu, deni la bia lipo," Genko alisema, akacheka vibaya, kisha akafuta macho kwa aproni.

Kanali alikata mkate. "Amelala, maskini."

Zornitsa hakuuliza lolote. Alishika glasi yake kama aliyeisahau, akageukia dirisha.

"Kanali, kuna jambo linanisumbua. Yule kijana Yavor anasema Kamanda hakuukomboa huu mji. Anasema askari wa mfalme walikuwa wameshakimbia siku mbili kabla. Kwamba Kamanda alikuta mji mtupu, akaingia kwa gari la maziwa."

"Gari la maziwa!" Shingo ya Kanali ilipanda rangi.

"Ndivyo anavyosema. Na kwamba hakufyatua hata risasi moja, ila baadaye, kwa watu wasio na silaha."

"Sikiliza wewe." Kanali alisimama na glasi mkononi. "Baba yangu alikuwa na Kamanda. Baba yangu! Walikula magome ya miti majira mawili ya baridi. Wakashuka na vidole vya miguu vimeoza, wakakuta mji huu umejaa wanene waliokuwa wanawapikia wauaji na kuwaokea mikate, na hao ndio leo wanaliliwa? Hao? Usaha hauliliwi, unakamuliwa! Bila yule pale nje, wewe hapo ungekuwa unafua nguo za mtu!"

Zornitsa naye alisimama, na sauti yake ikapanda juu ya ile ya Kanali. "Haya, yaishe! Hatukuja kugombana. Kwa Metodi!"

"Kwa Metodi!" Stefka aliruka, na glasi yake ikagonga ya Genko. "Afya yake!"

"Apone, mbwa yule," Genko alisema, akagonga ya Zornitsa.

Glasi ya Kanali haikuja katikati ya meza. Bado alikuwa anahema kwa hasira, macho yako nje kwenye mabuti ya shaba, na mkono wake ukaenda kando, ukainama kidogo. Rakia ilianguka kwenye mbao za sakafu. Midomo yake ilikuwa imeshaanza.

"Mungu am..."

Akakoma. Genko alikuwa bado ameinua glasi. Baa nzima ilisikia wimbo wa mbali kutoka kituoni.

"Dobri," Stefka alisema polepole. "Umemmwagia nani?"

"Mkono umetetemeka. Uzee."

"Mkono huo umebeba glasi iliyojaa pomoni na haukudondosha tone," Zornitsa alisema. "Na hata ungetetemeka, ungegonga. Hukugonga. Mwalimu hapa ameshika mguu wa moto, akagonga. Genko anadai deni la bia, akagonga. Mwenzao wewe unajua nini wasichokijua?"

"Amekufa?" Stefka alisema. Akamgeukia Kanali. "Dobri, Metodi amekufa?"

"Fungua kifungo cha shati, Kanali. Metodi alikuwa na ngozi ya mtu kwenye kucha."

Kanali alimtazama Zornitsa kama anayempima askari mpya. Kisha akaichukua chupa shingoni na kumpiga nayo Zornitsa kichwani.

Chupa haikuvunjika mara ya kwanza. Zornitsa alianguka juu ya kiti, akaona weupe. Mara ya pili ilivunjikia ukingo wa meza, na Genko, ambaye alikuwa ameruka kumshika rafiki yake, alipata kipande chote kwenye mkono. Damu yake ilimwagika ndani ya bakuli la supu. Stefka alipiga kelele. Kanali alielekea mlangoni, haraka kuliko umri wake. Zornitsa aliisukuma meza kwa miguu yote miwili, na meza ikambana kiunoni mlangoni. Aliinuka, damu imemfumba jicho, akamkamata ule mkono wenye shingo ya chupa na kuubamiza kwenye fremu ya mlango mpaka kitu kikavunjika ndani yake. Kanali hakulia. Zornitsa akalirarua lile shati. Mikwaruzo minne ilishuka kutoka kiwiko hadi kifundo, bado mibichi.

"Alikuwa rafiki yako," Genko alisema akiwa sakafuni, ameukumbatia mkono wake. "Mlikuwa mnarusha dadu za tavla hapa kwangu kila siku. Hapa kwangu!"

"Alitaka kusimama pale leo aseme kwamba Kamanda amekanyaga mifupa," Kanali alisema. Sasa alikuwa anahema. "Nilimsihi. Alfajiri nilimsihi, akanionyesha kileso chake kama mtoto aliyeokota kokoto, nikainua nyundo. Mnadhani mimi sijui walio chini yake? Baba yangu ndiye aliyewafunga. Kila alipolewa aliwataja, mmoja mmoja, kwa majina na mitaa yao. Nimekua nikiyasikia majina yale. Metodi alikuwa ameokota vifupa viwili tu, mimi ninao wote, na nimenyamaza. Huo ndio uzalendo."

Zornitsa alimfunga pingu. Alikuwa anapapasa simu mfukoni ili ampigie Gavazov, na hapo kipaza sauti cha kituo kikaunguruma juu ya mapaa. Maneno yalifika vipande vipande: Metodi Yurukov... amefariki... muuaji... mkoani. Gavazov hakusubiri saa sita.

Wimbo ulikatika. Kilichofuata hakikuwa wimbo.

*

Walipomfikisha Yavor uwanjani alikuwa hana kiatu na mkono wake mmoja unaning'inia. Walikuwa wamelipindua gari la polisi kama bakuli. Vijana wa Kamba walijaribu kuwazuia kwa fimbo za bendera, wakapondwa, wakatawanyika, na kamba yao ikabaki chini. Mtu aliiokota. Mtu mwingine alipanda juu ya nguzo, akaipitisha kwenye mkono wa Kamanda unaoelekeza mashariki, na kitanzi kikashuka. Kamba iliyoletwa kumwangusha mmoja sasa ilikuwa inapimwa kwenye shingo ya mwingine.

Zornitsa alifyatua risasi mbili hewani. Hakuna aliyegeuka. Alimburuta Kanali mpaka chini ya nguzo, akamtikisa.

"Waambie! Wewe watakusikiliza! Waambie ni wewe!"

Kanali alimtazama Yavor akivutwa mpaka kwenye ncha za vidole vya miguu. "Mji unahitaji mtu wake wa kumlaumu," alisema. "Mwache huyo awe huyo."

Zornitsa alipanda, akaikumbatia miguu ya Yavor na kuiinua ili kamba ilegee. Mtu alimpiga ngumi mbavuni. Mwingine akamvuta nywele pale penye jeraha, Zornitsa akapiga yowe la maumivu lakini hakuachia. Alijua hataweza kumshika muda mrefu.

Ndipo sauti ya kwaya ilipopaa. Mwalimu Stefka alikuwa amesimama juu ya kiti cha baa, mikono imejaa damu ya Genko, na sauti ile iliyofundisha nusu ya mji kuimba ikawapita wote.

"Alimwaga! Dobri alimwaga! Tulikuwa tunamtakia Metodi afya, mimi na Genko tumegonga, bado hakuna aliyetangaza kitu, na yeye akammwagia chini! Akasema Mungu amsamehe! Alijuaje? Niambieni, alijuaje?"

Hakuhitaji kueleza zaidi. Hakuna mtu katika uwanja ule ambaye mkono wake haujawahi kuinamisha glasi. Wale wa mbele walimwangalia Kanali, pingu zake, na mikwaruzo ya mkono wake. Ukimya ulitoka mbele ukaenda nyuma mpaka kwenye miti. Aliyeshika kamba akaiachia, na Yavor akamwangukia Zornitsa, wakaviringika wote mpaka kwenye ule ubao wa shimo. Kijana alikuwa anakoroma, anapaliwa, lakini pumzi ilikuwa inaingia.

Jiwe la kwanza lilimpata Kanali kwenye sikio.

La pili lilimpiga Zornitsa, kwa sababu alikuwa ameshasimama mbele yake. Hakupanga. Alichukia kila mfupa wa mzee yule, na mgongo wake ulikuwa umembana kwenye jiwe la nguzo, amemfunika.

"Ondoka, Inspekta! Tuachie!"

"Huyu ana majina!" alipiga kelele, damu ikimwingia mdomoni. "Mkimuua, nani atatuambia walio humu chini? Nani? Nani kati yenu hana mtu aliyekimbilia ng'ambo ya mto?"

Mikono mingi ilibaki na mawe. Haikurusha. Mwanamke mmoja mzee wa Kamati aliuangalia ule ubao wa shimo, akaweka jiwe lake chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

*

Dakta Mutafova alimshona Zornitsa palepale kituoni, vioo vikilia chini ya viatu. Yavor alikuwa amepelekwa hospitali, mkono umevunjika sehemu mbili, na daktari alisema ataongea baada ya wiki na atasumbua watu kama kawaida. Gavazov hakuonekana. Kipaza sauti chake kilikuwa juu ya meza, kimewashwa bado.

Kanali aliketi upande wa pili wa meza, mkono wake umefungwa kwa bendeji na sikio halisikii tena.

"Nipe rakia," alisema. "Halafu nitasema. Mkavu siwezi."

Daktari alitoa chupa yake ndogo na kumimina vikombe viwili. Kanali alikishika chake kwa mkono wa kushoto, na mara moja ule mkono ukaanza kuinama kuelekea sakafuni. Zornitsa alinyoosha mkono, akagonganisha kikombe chake na cha mzee, kwa nguvu, mpaka vikalia.

"Kwa afya yako, Kanali," alisema. "Wewe bado uko hai. Utaishi sana, na utakuwa unajibu. Anza."

Kanali alikunywa. Alitazama ukuta. Akaanza na padri wa kanisa la juu, kwa jina lake kamili, kisha mwanafunzi wa chuo, kisha ndugu wawili waliokuwa na duka la vitambaa. Hakusita, wala hakuhitaji kukumbuka. Aliyasoma kama mtoto anavyosoma sala aliyofundishwa nyumbani.

Alipofika kwa mwokaji mikate wa Mtaa wa Chini, Zornitsa aliinamisha kikombe chake.